Jaketi la Kocha Mkuu

Herbert Onchari alikuwa amewazika makocha wakuu wanne katika miaka mitano, na yeye mwenyewe hakuwahi kuugua hata mafua. Wa kwanza Mholanzi, wa pili Mmisri, wa tatu Mhispania, wa nne Mserbia. Kila mmoja alikuja na wasaidizi wake na mpango wa kuigeuza timu ya chuo, na kila mmoja aliondoka na wasaidizi wale wale, mpango ukiwa bado umelala kwenye kompyuta. Ndivyo ilivyo kazi hiyo. Mkuu akianguka, watu wake huanguka naye, hata yule aliyeajiriwa juzi na hajajua vyoo viko wapi. Herbert alibaki kwa sababu hakuwa mtu wa yeyote. Alikuwa mtu wa kila mmoja kwa zamu.

Chuo chenyewe kilikuwa upande wa Lusail, huko Uarabuni, cha binafsi, vioo juu hadi chini, na uwanja wa ndani uliopulizwa hewa baridi mpaka nyasi zikadhani ziko Ulaya. Wachezaji wengi walikuwa watoto wa wenye nacho. Walifika mazoezini wakiendeshwa, begi la viatu likibebwa na dereva. Kwenye mlango wa ofisi Herbert aliandikwa kocha msaidizi. Kwenye kitambulisho chake cha ukaazi aliandikwa mtunza stoo. Mwenzake Bakari, mtu wa Tanga aliyewanoa makipa, aliandikwa dereva, na kweli basi la timu aliliendesha yeye. Lakini Herbert hakuionea haya stoo yake. Mkataba wa stoo haukuwa na mwisho, na juu ya mkataba huo mkewe Kerubo na binti yao Fiona, mwenye miaka minane, walikuwa wakiishi naye kihalali katika nyumba ya vyumba viwili Al Wakrah.

Mbinu yake ilikuwa nyepesi. Kocha mpya akitua, Herbert ndiye uso wa kwanza kumpokea uwanja wa ndege, tabasamu limetangulia, chupa ya chai inafuata. "Sasa ndiyo tumepata kocha," humwambia, akimshika mkono kwa mikono yake miwili. Halafu humwonyesha funguo za stoo zinazoning'inia shingoni. "Wewe fikiria mpira tu, kochi. Haya madogo madogo niachie mimi." Mmisri alipenda nidhamu, Herbert akapenda nidhamu. Mhispania alitaka pasi fupi, Herbert akaapa kwamba pasi ndefu ni ushenzi. Mserbia alipofika akisema pasi fupi ni uvivu, na kwamba timu ni mbio, Herbert alitikisa kichwa kwa uchungu wa mtu aliyeteswa na pasi fupi mwaka mzima.

Na kulikuwa na jaketi. Lilikuwa jeusi, nembo ya chuo imetariziwa kwa uzi wa dhahabu kifuani, na mgongoni maneno makubwa, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, ya kumtambulisha kocha mkuu. Lilikuwa moja tu. Chuo chenye skrini nne za kuangalia mechi kilitengeneza jaketi moja, kwa sababu Mholanzi alisaini miaka mitano na hakuna aliyedhani lingehitajika la pili. Mholanzi alikaa miezi saba. Tangu hapo Herbert, kama mtunza stoo, alitunga sheria na kuiandika kwa mkono wake kwenye daftari la stoo: kocha mkuu anayeondoka arudishe jaketi kabla ya kupita mlango wa abiria. Na kwa kuwa basi liliruhusiwa kwenda uwanja wa ndege mara moja tu kwa siku, alipanga safari ziungane. Mhispania alivuliwa jaketi kwenye mlango wa kuondokea; dakika arobaini baadaye Mserbia akavalishwa kwenye mlango wa kufikia, lingali na joto la mwenzake.

Herbert alisimulia kisa hicho kila alipopata wa kumsikiliza, akacheka mpaka akafuta machozi.

Alhamisi moja, baada ya timu kufungwa mabao matano, mkurugenzi wa michezo, Dokta Harun, alimwita ofisini.

"Mserbia anaondoka Jumamosi," alisema Dokta.

"Pole yake," Herbert akasema, na tayari alikuwa ametoa kalamu. "Na mpya anatua saa ngapi, nipange basi?"

"Safari hii hatuleti mtu. Tumekuona wewe."

Herbert aligeuka nyuma kuona ni nani aliyeingia. Hakukuwa na mtu. Aliporudisha uso, Dokta Harun alikuwa anatabasamu tabasamu la mtu aliyekwishapigiwa simu na makocha watatu wakimkatalia, ingawa hilo hakulisema. Alisema tu kwamba chuo kinaamini katika kukuza watu wake wa ndani.

"Sasa, mudir," Herbert alisema polepole, "na stoo?"

"Stoo anaichukua Bakari. Mtu mmoja hawezi kuwa na nafasi mbili, kompyuta inakataa. Utasaini kuiacha ile, utasaini kuichukua hii."

"Na hii ni ya muda gani?"

"Mpaka mwisho wa msimu," Dokta alisoma kwenye karatasi, "au mpaka chuo kitakapoona vinginevyo."

"Mke wangu na mtoto?"

"Watahamia juu ya mkataba mpya. Mkataba ukiwepo, wapo." Alifunga faili. "Nipe jibu Jumapili."

"Kataa," Kerubo alisema jioni hiyo, kabla hata hajamaliza kusikiliza. Alikuwa anamsuka Fiona nywele, kitana mdomoni, na akakitoa ili aseme vizuri. "Baba Fiona, stoo haifukuzwangi. Umewahi kuona stoo imepelekwa airport?"

"Ni kocha mkuu lakini, Mama Fiona."

"Hao wengine wanne walikuwa nini? Wapishi? Nimefua hilo jaketi mara ngapi? Jasho la kila mmoja nalijua. Hata sura zao sikuwa nimezizoea."

"Haya, nitakataa," Herbert akasema. Alipata nafuu kubwa, na chini ya nafuu hiyo kitu kikamchoma. Kwa miaka mitano alikuwa amekaa kwenye benchi akiona makosa ambayo kipofu angeyaona, akipokea koti la huyu na kumshikia yule mwavuli, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumgeukia kumwuliza, wewe unaonaje? Alikwenda kunawa uso ili mkewe asimtazame.

Kesho yake Ijumaa, siku ya mapumziko ya huko, walikwenda kanisani Mesaimeer kusali. Baada ya ibada, kama kawaida, Wakenya walikusanyika nje penye kivuli, chai na maandazi vikazunguka, na kila mtu akapewa nafasi ya kujisifu kidogo. Edith, ambaye mumewe Dedan alikuwa amepandishwa cheo na sasa alisimamia walinzi wa hoteli nzima, alitumia nafasi yake na ya wengine watatu. Dedan sasa alikuwa na redio mbili. Dedan sasa hakusimama, alikuwa anaketi.

"Na Baba Fiona naye?" Edith akauliza, sauti imejaa asali. "Bado yuko kwa ile maneno ya kusaidia-saidia?"

"Ni kocha msaidizi," Kerubo akasema.

"Eeh, hiyo. Kwani msaidizi hufanya nini hasa? Dedan alimwona juzi akishikia mzungu mwavuli. Na hakukuwa na mvua!"

Wanawake walicheka. Hawakucheka sana, walicheka kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyomuuma Kerubo zaidi. Aliweka kikombe chini.

"Huyo mzungu anafukuzwa kesho," alisema, wazi, ili hata walio mbali wapate. "Kuanzia Jumapili, kocha mkuu wa hicho chuo ni Baba Fiona."

Herbert alikuwa hatua tano nyuma, andazi mdomoni. Aliona macho ya mkewe na akajua mambo yameisha. Mwenyekiti wa kwaya, ambaye hakuwahi kuacha habari njema ipoe, alipiga makofi na kutangaza upya, watu wakashangilia, Dedan mwenyewe akaja kumpa mkono, redio moja ikilia kiunoni. Kabla hawajatoka getini, vijana wawili ambao hawajawahi kugusa mpira walikuwa wamemwomba kila mmoja kwa siri awe msaidizi wake.

"Nimekuharibia," Kerubo alisema ndani ya teksi, akiangalia dirishani.

"Hujaniharibia," Herbert akajibu. Alijaribu kusikitika, lakini uso ulimkataa, ukawa unacheka wenyewe.

Jumamosi alimsindikiza Mserbia na kulipokea jaketi mlangoni, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumpelekea upande wa pili. Alilileta nyumbani. Kerubo akalifua, akalikausha, na Herbert akalivaa mbele ya kioo. Mholanzi alikuwa mtu wa miraba minne. Mikono ya jaketi ilimfunika Herbert vidole vyote, na Fiona akacheka akidai baba amekatwa viganja.

"Vua nilipunguze," Kerubo akasema, mkasi tayari umeshikwa. "Nikate hapa na hapa, nishone pindo, litakukaa kama lako."

Herbert alikuwa ameshatoa mkono mmoja. Akasita.

"Usikate," alisema. "Kunja tu."

Kerubo alimtazama. Aliurudisha mkasi kwenye droo, akachukua sindano na uzi mweusi, akakunja mikono kwa ndani na kuishikiza kwa mishono mirefu mirefu, ya haraka, ya kitu ambacho kitafumuliwa.

Mechi ya kwanza, Herbert alifanya makosa ambayo mtu aliyekuwa msaidizi maisha yake yote ndiye pekee angeyafanya. Timu ilipofungwa bao la kwanza, aligeuka upande wa kushoto kumtazama kocha mkuu anasemaje. Kiti kilikuwa kitupu, kwa maana kilikuwa chake. Wakati wa mapumziko mabeki walimwuliza, "Kochi, tupande au turudi nyuma?" na Herbert, kwa mazoea ya miaka mitano, akajibu, "Ndiyo." Kipindi cha pili nusu ya timu ilikimbia kama alivyofundisha Mserbia na nusu ikapigiana pasi fupi kama alivyofundisha Mhispania, na zile nusu mbili hazikukutana. Walifungwa matatu. Mchezo ulipoisha alianza kuokota koni mwenyewe, na nahodha, Nasser, akampiga picha kwa simu yake.

Mechi ya pili walifungwa mawili. Dokta Harun alimtumia ujumbe wa kumpa moyo. Timu ya chuo hicho kufungwa halikuwa jambo la kumnyima mtu usingizi.

"Kaka Herbert," Bakari alisema siku moja baada ya mazoezi, wakiwa peke yao stoo. Funguo sasa zilining'inia shingoni mwake, na alikuwa bado anaona haya kuzivaa mbele ya mwenyewe. "Naomba nikuulize, na usinielewe vibaya. Wewe mwenyewe, mpira unauonaje? Sio wa Mserbia. Wako."

Herbert alikaa juu ya begi la mipira. Swali alilolingoja miaka mitano lilikuwa limefika, na limeletwa na dereva wa basi.

"Namwona Amiri," alisema mwishowe.

Amiri alikuwa mwanafunzi wa Unguja aliyesomeshwa na chuo bure kwa sababu ya alama zake za hisabati. Alikuwa na mguu wa kushoto ambao mpira uliutii, na tangu msimu uanze alikuwa amekaa benchi, maana nafasi yake ilikuwa ya Nasser, na Nasser alifika mazoezini wengine wakiwa wanavua viatu.

"Kila mtu anamwona Amiri," Bakari akasema. "Kazi ni kumpanga."

Nyumbani Kerubo alisikiliza, akahesabu mambo upesi kama kawaida yake. "Baba ya huyo Nasser si ndiye yuko kwa bodi?"

"Ndiye."

"Na bado unataka."

"Nataka, Mama Fiona. Mara moja tu. Nione kama mimi ni kocha ama ni mtu wa mwavuli."

Kerubo angemkataza, na angekuwa na haki. Lakini yeye ndiye aliyesimama Mesaimeer na kikombe cha chai akamtangaza, na alijua hakumtangaza ili akaokote koni. "Basi ukimweka huyo kijana, mweke dakika zote tisini," alisema. "Usianze kuogopa katikati."

Ikawa hivyo. Nasser aliwekwa benchi, akakaa akiwa amevaa miwani ya jua ndani ya uwanja wenye paa. Amiri alifunga mawili na kutoa pasi ya la tatu. Timu ilishinda matatu kwa moja, ushindi wa kwanza msimu huo, na Herbert alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, mikono ya jaketi ikipepea, uzi wa Kerubo ukishikilia. Bakari alimkumbatia akamwinua. Watazamaji walikuwa thelathini na wawili, pamoja na Kerubo na Fiona, na Herbert aliwapungia wote kama wamejaa hadi barabarani. Hakuwahi kuwa na furaha ya namna ile, hata siku ya harusi yake, na hilo Kerubo aliliona na akamsamehe.

Alifungwa mara mbili akavumiliwa. Alishinda mara moja akaitwa ofisini.

"Hongera sana kwa ushindi," Dokta Harun alisema Jumapili.

"Asante, Dokta. Vijana walijituma."

"Bodi imekaa." Dokta alipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika. "Wanakubali kwamba una jicho. Lakini wanaona huna falsafa. Wamempata mtu mwenye falsafa."

Herbert alijua neno hilo. Mwenyewe aliwahi kuwapokea wenye falsafa wanne na kuwabebea mabegi. Hakubisha. Alifanya jambo ambalo baadaye lilimuumiza kulikumbuka kuliko kufukuzwa kwenyewe: alitabasamu lile tabasamu lake la uwanja wa ndege.

"Hakuna shida, mudir. Basi mimi nirudi stoo yangu."

"Stoo ina mtu."

"Nisaidie basi kuendesha basi. Leseni ninayo."

"Bakari anafanya zote mbili. Stoo na basi zimeunganishwa, kompyuta imekubali." Dokta alimwonea huruma kidogo, kiasi cha kuinuka kitini. "Khalas, Herbert, imekwisha. Una wiki tatu. Mama na mtoto pia."

Bakari alipopata habari alikwenda hadi Al Wakrah, akakaa kwenye ukingo wa kiti bila kunywa chai aliyopewa. Alisema yuko tayari kuiacha stoo kesho asubuhi. Lakini alikuwa ameuliza, wakamwambia akiiacha nafasi itafutwa, haitarudi kwa Herbert wala kwenda kwa mtu mwingine. Alisema hayo huku akilia, mtu mzima wa Tanga, na Fiona akamletea tishu. Kerubo ndiye aliyemwambia anywe chai. Edith hakuja, ila alituma ujumbe mrefu wa maombi, na Dedan akaja kuulizia kama friji inauzwa.

Siku ya safari waliletewa basi la timu, viti arobaini kwa abiria watatu. Herbert alivaa jaketi. Kerubo ndiye aliyetaka. Ndugu wangewapokea Nairobi, na alitaka waone angalau mgongo. "Ukilivaa hakuna atakayekuwa na roho ya kukuuliza," alisema. Herbert alijua ataulizwa. Sheria ilikuwa kwenye daftari, kwa mwandiko wake.

Kwenye kiti cha mbele, karibu na Bakari, kulikuwa na chupa ya chai.

"Anko Bakari, hiyo chai ni yetu?" Fiona akauliza.

Bakari alitazama barabara. "Ni ya mgeni, mama."

Walifika uwanja wa ndege. Bakari aliwashushia masanduku, akayapanga kwenye toroli, akayapanga tena. Alisimama. Akashika funguo za shingoni, akaziachia.

"Kaka Herbert. Kuna kitu."

"Sema tu."

"Mimi sitaki kusema."

"Najua," Herbert akasema, na akaanza kufungua zipu. Chini yake alikuwa amevaa fulana ya kawaida ya bluu, na ndani ya fulana hiyo alionekana mdogo. Watu walipita na masanduku yao. Mmoja alisoma maneno ya mgongoni jaketi lilipokuwa linavuliwa, akamtazama Herbert usoni, akaendelea na safari yake. "Anatua saa ngapi?"

"Ameshatua. Anasubiri mzigo."

"Basi usimkimbilie. Mwache aone kibao chenye jina lake kwanza. Halafu mshike mkono kwa mikono miwili."

"Nitamwambia nini?"

"Unajua cha kumwambia."

Bakari alipokea jaketi, akaona mikono iliyokunjwa, akapigwa na butwaa. "Sijui huyu ana kimo gani," alisema.

"Lete," Kerubo akasema.

Aliketi juu ya sanduku kubwa, katikati ya mlango wa abiria, akaweka jaketi magotini. Hakuwa na mkasi. Aliushika uzi kwa meno, akaukata, akauvuta. Mishono ilitoka yote kwa mara moja, kama alivyoishona itoke. Mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Akainyoosha kwa kiganja, lakini mikunjo ilikuwa imeshaweka alama na haikufutika. Fiona aliuokota ule uzi mweusi akauviringisha kidoleni.

Kerubo alisimama, akampa Bakari jaketi.

"Huyo mgeni kama ana bibi," alisema, "mwambie asikate. Akunje tu."